Muziki wa Oduor

Nairobi, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Pap Onditi mnaendeleaje? Na mguu wako je? Mimi niko salama, ni usingizi tu ndio umenikimbia. Nimepewa kazi ya kutunga muziki wa okestra kubwa, watu themanini, na nimeamua uwe wa kumlilia kaka Oduor. Naomba kitu kimoja. Dada Celestine atakuja na simu akurekodi, umwimbie ule wimbo wa kilio uliomlilia nao Baba. Fidla zitauanza, halafu vyombo vingine vitaingia polepole.

Mwanao,
Calvince

Pap Onditi, 20 Machi

Calvince,

Mguu unauma, na sasa umeniongezea kichwa. Celestine nimemrudisha Awasi na simu yake. Nani alikwambia ndugu yako amekufa? Mashua ilipinduka, sawa. Mwili uliuona wapi? Wazee walitaka tuzike tunda la mti wa yago badala ya mwili, vile watu hufanya mtu akipotelea ziwani. Nilikataa, na miaka sita bado nakataa. Leo unanijia na fidla! Mimi si mtoto. Oduor ni mkubwa wako, na mpaka azikwe huwezi kufungua boma lako kabla yake. Mkeo Sheryl anataka nyumba, si ndiyo? Sema tu, usinizungushe na muziki.

Mama Oduor

Nairobi, 2 Juni

Mama,

Salamu nyingi. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikasirika. Haki ya Mungu, nyumba? Ni kweli Sheryl aliwahi kuuliza, na nilimnyamazisha. Mimi kila asubuhi naketi kwenye piano, naandikia kila chombo sauti yake: fidla, filimbi, ngoma. Vyote vinakubali isipokuwa tarumbeta. Ile ilikuwa ya Oduor, unakumbuka alivyoipiga pale kanisani. Kila nikiiandikia naona nadanganya, nafuta. Basi nimeacha hivyo. Mpigaji ataketi na wenzake, tarumbeta magotini, na hatapiga hata mara moja, mpaka muziki uishe na watu waende nyumbani. Nimemtumia Celestine mazoezi ya okestra, tumeyarekodi. Usikilize au uache, ni wewe.

Mwanao,
Calvince

Pap Onditi, 11 Juni

Calvince,

Hujambo, na Sheryl hajambo? Mambo ya nyumba bado sikuamini, usifikiri nimelegea.

Celestine alikuja, tukasikiliza jikoni. Nilikaa nikimngoja Oduor. Fidla zikaingia, filimbi zikaingia, ngoma zikatikisa ile simu ndogo, nikasema sasa anakuja. Muziki ukaisha. Nikamwambia Celestine arudie, pengine yule wa tarumbeta alichelewa. Akarudia. Hakuja, mwanangu. Wote walikuja, yeye hakuja.

Hapo nikapiga mayowe. Sikujua ni mimi. Majirani wakajaa uani wakiuliza nani amefariki, nikawaambia ni Oduor.

Njoo Jumamosi tumzike.

Mama yenu