Presha ya Mwanga

Herieth, hivi kwa nini nilisema "presha"?

Leo nilialikwa kwenye kikao cha wazazi, shuleni kwetu kule Mbagala, nieleze utafiti wangu wa chuo. Nilianza vizuri: vioo viwili vinatazamana, kimoja kinaning'inia na hutikisika. Mwanga ukiakisiwa huku na huku hukisukuma, na tukiurekebisha vyema, msukumo huohuo hukituliza.

Kisha nikasema, "Presha ya mwanga hutuliza." Presha! Mbele ya akina mama!

Mama Eufrazia, yule muuza vitenge, akasimama: "Mwanangu, mie presha inanitesa mwaka wa sita. Huo mwanga unatolewa wapi?"

Nikadhani ananitania. Mwalimu Gaspar akashika kipaza sauti: "Wenye presha, mtamwona binti baada ya kikao."

Wakapanga foleni. Foleni, Herieth! Mama Eufrazia akaninong'oneza: "Basi vidonge naviacha leo."

Nilichoka hata kucheka nikashindwa.

Nikarudi mbele, nikawaambia wote: "Nimekosea neno. Mwanga wangu unatuliza kioo, hautibu mtu. Mama, vidonge usiviache. Nami siondoki hapa mpaka nizungumze na kila aliyepanga foleni."