Ndege wa Picha ya Ziwa

Kwako Kaka mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui tena. Shemeji na watoto wasalimie sana. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Hapa kwa Mwenye Benki picha zimejaa hadi kwenye ngazi. Siku hizi ukishuka na ndoo inabidi upite kiubavu. Funguo zako ninazo mimi, na brashi yako ya manyoya pia. Kila nikiishika nakusikia ukinionya kwamba picha hufutwa vumbi kwa kitu kikavu tu, haiguswi na maji hata kidogo.

Ile picha ya ziwa bado iko chumba cha juu. Mwenye Benki akipata wageni huwaonyesha kwa kidole mahali alipokuwa ndege, yule mmoja tu katika anga lote, na kuwaambia kwamba msimamizi aliyemtumikia miaka kumi na mmoja alimkwangua kwa uzembe alipokuwa akiihamisha. Wageni hutikisa vichwa. Mimi huwa nimesimama pale na sinia la vikombe.

Jana aliniita. Akasema jumba la makumbusho ulikoomba kazi limeulizia tabia yako, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, niandike mimi yeye atie sahihi: kwamba hufai kukaribia kitu cha thamani. Nikaitikia ndiyo, bwana. Naionea haya ndiyo ile.

Kaka, ndege nilimfuta mimi. Asubuhi ile, kabla hujaihamisha picha, niliona kidoa cheusi angani nikadhani ni uchafu wa nzi. Nikalowesha ncha ya leso kwa mate, nikasugua, na nikafurahi kweli kilipotoka. Ulipofukuzwa nilijua, nikafyata ulimi. Ukanikabidhi funguo ukinitania kwamba Bibi Vumbi sasa kawa bosi, nami nikacheka nawe.

Barua ya makumbusho nimeiandika. Nimeeleza haya yote, nikatia sahihi yangu mwenyewe, na leo asubuhi nimeipeleka kwa mkono. Nakala nimemwachia Mwenye Benki mezani, na funguo juu yake.

Hii yako nakuja nayo. Nitaipenyeza chini ya mlango, kisha nitakaa kwenye ngazi na sanduku langu. Usipofungua nitaelewa.

Wasalimie wote humo ndani, kama bado nina haki ya kuwasalimia.

Mdogo wako,
Bibi Vumbi