Ichou, Njia ya Ukingo Sasa Inapitika

Mwaka umezunguka, Ichou, tangu ulipotoka mlango huu alfajiri, mkate na mafuta ya zeituni tumboni, lozi mfukoni, ukasema utarudi kabla ya chai ya alasiri. Hukurudi. Walikuleta juu ya nyumbu, na baiskeli yako ikaja nyuma yako haina hata mkwaruzo. Niliichukia siku hiyo. Leo imeoshwa na mnyororo umetiwa mafuta, na sababu yake ndiyo ninayotaka kukueleza.

Sisi wa nyumbani kwako, hapa kijijini Aït Ouzrou, tunaongea na wewe, kwa kinywa changu mimi mkeo Hadda. Jirani akisikia si vibaya.

Ulikuwa mtu wa nyumbu, mtoto wa watu wa nyumbu. Kisha wakaanza kuja wale wageni wa baiskeli, matairi manene na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, wakitafuta njia za changarawe ambazo mbuzi wetu wenyewe huzikwepa. Watu walicheka. Wewe uliuza nyumbu mmoja, ukashuka Marrakech, ukarudi na baiskeli ya mtumba. Mama yako Rabha akakuuliza, "Na hiyo inakula nini?" Ukamjibu, "Inanila mimi, mama." Kweli ilikula. Mwezi wa kwanza ilimaliza ngozi ya magoti yako yote mawili.

Lakini hukuacha. Uliangukia kokoto za mtoni, ukainuka ukarudia pale pale. Ulipata pancha juu kabisa mlimani theluji ikidondoka, ukaziba kwa vidole vilivyokufa ganzi, ukashuka ukiimba. Mwisho wake kila mgeni aliyetaka ule mzunguko mkubwa, kupanda hadi kipito cha mlima na kurudi kwa upande wa pili, alimuulizia Ichou. Aliyechoka ulimngoja. Aliyelia ulimpa lozi, ukamwambia, "Lia, ila usiache kukanyaga." Sijui walikuelewaje, maana hamkuwa na lugha moja, lakini walikanyaga.

Na ile tabia yako! Ukifika kona iliyo juu ya mashamba ya shayiri, kijiji kizima kinasikia: "Hadda! Chai!" Nami napanda darini nakujibu kwa sauti ile ile, "Kwani wewe huna mikono?" Wanawake waliopo mferejini wanakufa kwa kicheko. Birika nilikuwa nimeshaliweka zamani. Ulijua, na mimi nilijua kuwa unajua.

Halafu kuna habari ya kondoo, ambayo hawataiacha hata tukizeeka sote. Kila masika malisho ya juu yanafungwa mpaka baraza litangaze siku ya kuyafungua, nyasi zipate kukua na mbegu zipate kuanguka. Anayeingia kabla ya siku hiyo analilisha baraza kondoo mzima. Wewe, mwaka wako wa kwanza wa baiskeli, ukakatiza katikati mchana kweupe, unapiga mluzi. Bassou, mlinzi wa malisho, akakusimamisha.

"Ichou, malisho yamefungwa."

"Yamefungiwa mifugo. Magurudumu hayali nyasi."

"Na wewe unayeyazungusha, huli?"

"Mimi nakula kwangu."

"Vizuri sana. Basi na sisi tutakuja kula kwako."

Wakaja, wakala, wakalamba vidole. Kondoo wetu nilimpika mimi mwenyewe huku nimenuna. Wewe ulicheka nao, ukawamiminia chai, na tangu siku hiyo hukukatiza tena. Ulizunguka kwa Ukingo, ule upenyo mwembamba juu ya genge, baiskeli begani, hata siku ambazo Bassou alikuwa kalala kwake na homa. Wageni walikubembeleza kwa ishara, nani atatuona? Ukajipiga kifua: mimi nitawaona. Na kila ukirudi ulijitapa kwamba ipo siku utapita Ukingoni ukiwa umekaa juu ya kiti cha baiskeli, bila kushusha mguu. Nikakwambia siku hiyo unipe taarifa, nitafute mume mwingine mapema. Tulikuwa tukicheka.

Mwaka jana theluji ilikuwa nyingi, na ilipoyeyuka ikala udongo chini ya mawe. Ukingo ulikatika wewe ukiwa juu yake; baiskeli ikabaki njiani, wewe ukashuka na mawe.

Sikufichi, Ichou, nilikasirika. Waliokuja kutupa pole walinong'ona, "Angekatiza malisho angekuwa hai." Mimi sikunong'ona, nilisema kwa sauti. Bassou alileta sukari ya msiba, nikaiacha mlangoni mpaka mdogo wako Zaid akaona aibu akaiingiza. Kipupwe chote mlinzi yule alinisalimu njiani nami nikawa kiziwi.

Masika yaliporudi, binti yetu Tuda akaishusha baiskeli yako ukutani. Uliyemfundisha ni wewe, usinitazame mimi.

"Mama, siku ya kumbukumbu nitauzunguka mzunguko wote wa baba. Zaid ataazima baiskeli anifuate."

"Utapita malishoni, au hutoki hapa."

Aliendelea kutia upepo tairi, taratibu, ile taratibu ya watu wa kwenu wanapokuwa wameshaamua. Hapo nikajifunga shuka nikaenda barazani mwenyewe. Niliwaambia wameshapata mmoja wa nyumba yangu, wa pili hawampati. Kisha wakakubali, wote, na aliyetumwa kuleta jibu ni Bassou. Akasimama nje ya mlango kama mtu anayeogopa mbwa.

"Hadda, baraza limeridhia. Siku hiyo mtoto apite malishoni. Hakuna kondoo, hakuna neno."

Nilishusha pumzi. Tuda akatoka, mikono myeusi kwa grisi.

"Ahsante, ami Bassou. Lakini sipiti."

"Una wazimu?" nikamaka. "Unapewa ruhusa, tena ya baraza zima!"

"Mama, baba aliwanyima wageni wake njia ile mpaka wakamnunia. Leo nipite mimi kwa sababu nimefiwa? Nikipita pale, baba atakuwa amekufa bure."

Ni wewe mtupu, Ichou, kuanzia kidevu. Nikaona mambo yamebaki mawili: nimfungie ndani, au Ukingo ujengwe. Na kumfungia Tuda ndani, hilo unalijua mwenyewe.

Kesho yake nikachukua mtaimbo wako nikapanda. Nilipoiona sehemu iliyokatika nilikaa chini, nikakulilia kwa sauti pale juu ambapo hakuna wa kuninyamazisha. Kisha nikaanza kuyang'oa mawe yaliyolegea. Zaid alinikuta hapo, akarudi kwenda kuchukua sululu. Siku ya pili nikasikia kwato nyuma yangu. Bassou, na nyumbu wake wawili wamebeba mawe. Hakusalimu, maana alishazoea kutojibiwa. Akashusha mawe, akaanza kupanga ukuta wa chini, jiwe juu ya jiwe bila saruji, kama tunavyoshikilia mashamba yetu ya ngazi.

Tulifanya kazi hivyo mpaka jua likapanda. Nikavuta jiwe moja kubwa likanizidi.

"Hadda, hilo litakuvunja mguu. Lisukume huku."

Nikalisukuma. Alipolikalisha mahali pake akasema, bila kuniangalia, "Nilimwambia mwaka ule wa theluji apite malishoni. Wallahi nilimwambia. Akanicheka, akasema kondoo mmoja anamtosha."

Nilimmiminia chai. Glasi yako, Ichou, ile yenye ufa. Sikuwa na nyingine kule juu, na hata ningekuwa nayo ningempa hiyo.

Baada ya hapo kijiji kikapanda. Wanaume walileta nyaya na mitaimbo, wanawake walileta mikate na siagi na maneno mengi. Ukingo umepanuka. Nyumbu na mzigo wake anapita. Mama yako aliletwa hadi nusu ya njia, akaupiga ukuta kwa fimbo yake, akasema, "Haya. Huu hauli mtu."

Jana asubuhi tulikuja kaburini, tukakusomea Fatiha, na kutoka hapo Tuda akapanda baiskeli. Mimi nilirudi nyumbani, nikakaa darini nikijifanya naanua shayiri. Aliyoyasimulia Zaid ndiyo ninayokupa, kwa kuwa mtoto mwenyewe hasemi. Kwenye mwinuko wa kipito alitapika, akasukutua, akaendelea. Mnyororo ukakatika, akauunga akiwa amepiga magoti kwenye tope. Machozi yalikuwa yanamtoka, Zaid akamwambia tupumzike, naye akajibu, "Nalia, ila nakanyaga." Mbele ya malisho alisimama. Nyasi zilimfika magotini, nzuri ajabu, hazina alama ya mtu. Akageuza usukani, akashika njia ya Ukingo.

Zaid alishuka akasukuma yake. Anasema ana watoto. Tuda hakushuka. Alipita kwenye ukuta wetu amekaa juu ya kiti chako, Ichou, mwanzo hadi mwisho, na mguu haukugusa chini.

Mimi sikuyajua hayo bado. Nilichojua ni kwamba jua limegeuka na kona ya juu ya shayiri iko tupu, kama mwaka jana. Ndipo sauti ikashuka, imekauka kwa vumbi, kijiji kizima kinasikia:

"Mama! Chai!"

Mferejini hakuna aliyecheka. Walikuwa wote wameinua vichwa kunitazama mimi. Nikajifuta uso, nikavuta pumzi, nikampigia kelele:

"Kwani wewe huna mikono?"

Hapo wakacheka, wakapiga vigelegele, na mimi nikashuka ngazi mbio.

Tunaokukumbuka ni mama yako Rabha. Mimi mkeo Hadda. Binti yako Tuda. Mdogo wako Zaid na watoto wake. Na Bassou, ambaye si wa damu yetu lakini amebeba mawe ya kutosha kutajwa hapa. Hutatutoka moyoni, Ichou, siku zote tulizopewa. Mwakani malisho yatafungwa, na mtu wa nyumba hii atapita Ukingoni. Birika litakuwa motoni.