Mkubwa Hajaanza

Jumatano, Januari 1998

Theluji imekoma, ila baridi imekaza. Kutoka dirishani hapa Brooklyn Center, Marekani, magari yote yamekuwa vichuguu vyeupe. Koo linaniuma tangu alfajiri. Hata uji sasa unapita kwa shida, na daktari ameacha kuniambia habari za mwakani.

Nina jambo la kuungama. Ninaliandika kwenye ukurasa huu alionifungulia binti yangu Tumaini, kwa sababu kulisema mbele yake nimeshindwa.

Kabla sijazeeka, kazi yangu ilikuwa lishe ya watoto wa shule. Nilizunguka na mizani na utepe wa kupima mkono, vijijini kwetu Njombe na mjini Dar es Salaam. Wa kijijini alikuja na kiporo cha viazi tumboni, amepanda kilima kizima, na miezi ya kabla ya mavuno alisinzia kwenye dawati. Wa mjini alipewa sarafu badala ya chai, maana mama ameshatoka kwenda kazini; akanunua kashata na barafu ya rangi, akashinda nazo. Kila mkono mwembamba nilijua kuueleza: shamba, kisima, chumba cha kupanga, saa za kazi za mama.

Mkono wa mjukuu wangu sikuweza kuueleza.

Upendo ana miaka saba. Nilikuja naye kutoka kijijini miti ya huku ilipokuwa ikipukutisha majani, tukamfuata mama yake, Tumaini, ambaye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia na mara nyingi huunganisha zamu mbili. Jokofu limejaa. Shuleni chakula kipo. Mtoto anakonda. Tukasema ni baridi. Tukasema ni minyoo.

Leo mchana Tumaini aliomba ruhusa kazini, akaenda kumtazama shuleni saa ya chakula. Alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda changu bila kuvua koti.

"Baba, amekaa na sinia lake mbele, mikono mapajani. Wenzake wanatafuna, wanarushiana viazi. Yeye anamtazama mwalimu."

"Na mwalimu?"

"Anazunguka na kikombe chake cha kahawa! Yeye hali pale, ana saa yake ya kula. Kengele ikalia, Upendo kabeba sinia, kamwaga vyote kwenye pipa. Kwenye gari namuuliza, ananiambia, 'Mama, mkubwa hajaanza.'" Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho. "Huyu angengoja mpaka Pasaka."

Hakuniuliza nani alimfundisha. Naye nilimlea hivyohivyo: mtoto hapeleki mkono sahanini kabla ya mkubwa.

Asubuhi ya kwanza ya shule nilimfunga Upendo skafu, nikamwambia, "Popote utakapokula, usimtangulie mkubwa." Na hapa nyumbani, tangu koo lianze kuziba, nimeendelea kutia mkono wa kwanza. Tonge naliweka shavuni, naye akiinama nalitema kwenye leso. Nilipenda kungojwa. Mtu anayeshikwa mkono kwenda chooni hana mengi ya kungojewa.

Mimi nilishiba heshima, mtoto akashinda na njaa.

Tumaini, ukifika hapa, leso iko chini ya mto.

Jioni alisonga ugali, akapika maharage. Nilimwambia Upendo aanze.

"Babu kwanza."

"Babu hali tena, mama. Koo limekataa. Kuanzia leo, kokote, ukiwekewa chakula, anza."

"Hata kama upo?"

"Hata kama nipo."

"Na usipokuwepo?"

Tumaini alitugeuzia mgongo, akafungulia bomba ingawa hakuwa na chombo cha kuosha.

"Hapo ndipo hasa uanze," nilisema.

Alimega tonge, akachovya. La kwanza alilitafuna akiniangalia. La pili pia. Kufika katikati ya sahani alikuwa amenisahau. Anakula kama mtoto anavyopaswa kula, mchuzi unamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Ndicho nilichokitaka. Mbona basi niligeukia ukuta?

Kesho saa ya chakula nitafumba macho nimwone kule shuleni, anaanza peke yake, hamtazami mtu. Mungu anisaidie nifurahi.