Birika la Bi Mwanapili

Wesha, 1959

Mpendwa Bi Mwanabaraka,

Baada ya salamu naomba unisaidie kama unavyowashauri wasomaji wako, maana kalamu yangu mwenyewe imeniponza. Mimi ndiye niandikaye ile hadithi ya mapenzi ya kila Ijumaa katika gazeti letu, na wasomaji wamempenda Bi Masika, yule somo anayemfunza bibi harusi, kuliko hata wapendanao wenyewe, wala sishangai, kwa sababu Bi Masika sikumtunga, ni somo wangu Bi Mwanapili, mjane anayekaa peke yake hapa Wesha, aliyenishika mkono nilipoolewa mwaka arubaini na nane, mama yangu akiwa keshafariki. Hata leo nikisikia harufu ya liwa nazikumbuka zile siku saba za ndani kabla ya harusi, yeye ananisinga mwili kwa liwa hiyo huku anaimba kwa sauti mbaya kabisa, mimi nacheka, ananipiga kofi la begani, "Tulia we, mume hachekewi hivyo!" Sijapata tena kufurahi vile.

Basi moja katika aliyonifunza ni hili: "Ukiudhika usinune wala usikimbilie kwenu. Geuza mdomo wa birika ukutani, ukae kimya. Mwenye kukupenda ataona, atakuja kukuuliza." Miaka kumi na moja nimefanya hivyo, mume wangu Shaame ananiuliza, tunayamaliza, nami kwa ujinga nikalitia gazetini neno kwa neno, nikasahau kwamba ya unyagoni hayatoki nje. Shaame alicheka mpaka akalia, "Kumbe mlifunzwa!" Na kwa kuwa nusu ya wake wa hapa ni wari wa Bi Mwanapili, waume wakasomeana barazani, na alipopita kwenda kununua samaki mmoja akampigia kelele, "Bi Mwanapili, leo birika laangalia wapi?"

Sasa haitikii salamu yangu. Msimu wote wa karafuu tulikuwa tukichambua kwenye jamvi moja, siku hizi akiniona anahamia jingine, na wenzake kawaambia, "Mwari wangu kanivua ushungi mbele ya wanaume." Jumatatu nilijikaza nikaenda kwake, nikachungulia mlangoni, nikaona birika lake kaligeuza mdomo ukutani, nikajua hanitaki tena, nikarudi nalia njia nzima. Mhariri anangoja sehemu ya mwisho, nami nafikiri nimtake radhi humo humo, watu wote wasome. Nifanyeje, dada yangu? Nampoteza mama mara ya pili.

Mwari Mkosa

Mwari Mkosa,

Barua yako sikuitia gazetini, nakujibu wewe peke yako. Pole, na ipokee mapema kwa sababu yanayofuata si matamu. Umekosa. Si kosa kuandika. Mapenzi bila somo hayanogi, na mimi mwenyewe kila Ijumaa naanza na ukurasa wako. Lakini ulimtoa mtu na siri yake pamoja. Birika ungeligeuza likawa kinu, nani angejua? Tena siri ile si yako peke yako, ni ya kila mwanamke aliyepita mikononi mwake, na si kila mume anacheka kama Shaame wako.

Radhi ya gazetini usithubutu. Umemvua ushungi mbele ya wanaume, sasa unataka kuwaita tena waje watazame ukimvika? Muoze bibi harusi wako, hadithi iishe, na Bi Masika umwache akae kimya na heshima zake.

Mimi pia nilikuwa na somo, huku Chake Chake, Mungu amrehemu. Tulikosana kwa dogo kuliko lako, nikangoja apoe, akafa nami ningali nangoja. Mpaka leo nikitia wanja naukumbuka mkono wake, na inaniuma.

Kwa hiyo usiniambie ulijikaza. Umetufunza Pemba nzima maana ya birika, kisha wewe mwenyewe umeliona ukutani ukakimbia! Ukimaliza kusoma haya, vaa buibui, nenda, karatasi usibebe, hata barua hii iache nyumbani. Kaa chini kwenye jamvi lake. Bi Mwanapili ni mjane, mwanangu, hana mume wa kumuonesha kitu. Birika lile unadhani kamgeuzia nani?

Nenda kamuulize.