Mvua Ikija Utalipa

Makambako,
12 Desemba.

Kaka yangu Elius,

Kamwene. Pokea salamu zetu sote wa hapa, mimi, shemeji yako Sila na watoto, na zaidi Mama, ambaye ameketi karibu yangu anachambua maharage. Tunaomba Mungu ile homa ya mwezi uliopita iwe imekuacha, na kwamba huko Kigoma unaingia darasani kufundisha ukiwa na nguvu. Sisi tu wazima, ingawa huu haukuwa mwaka wa kusema tumestarehe.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unakasirika kabla sijafika katikati. Uliyoyasikia kwa watu wa nyumbani ni kweli kwa sehemu tu. Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo uamue unapanda basi kuja kufanya nini.

Mwezi wa kumi redio ilitangaza mwelekeo wa msimu kwa mikoa yetu. Ilisema joto litazidi kawaida, mvua zitachelewa, na zikianza zitakuja na upepo mkali, mawe na radi. Mwinjilisti akayarudia kanisani wakati wa matangazo, akawaomba watu wasijikinge chini ya miti wala wasifunge mifugo huko. Watu walisikia. Lakini jua lilikuwa linachoma, kaka, na mtu aliyengoja mvua muda mrefu hana nafasi ya kuiogopa.

Joto la namna hiyo sikuwahi kuliona. Hapa Makambako upepo tuliozoea kuulalamikia kwa baridi ulivuma kama unatoka kwenye tanuri la matofali. Nyumbani, huko ng'ambo ya Mdandu, mahindi ya mapema yalikauka yakiwa machanga, na kijani kilichobaki kilikuwa kwenye vinyungu tu, zile bustani za bondeni penye unyevu. Kinyungu cha Mama kilikuwa na mahindi yanayokaribia kuchanua, na kabichi pembeni.

Utamkumbuka Hezekia, mtoto pekee aliyebaki kwa Mama Esnath jirani yetu. Ulimbeba mgongoni akiwa mdogo. Alikuwa amekua kijana mrefu, mpole, analimia watu kwa ng'ombe wake wawili. Kwa ukame ule ng'ombe walimponyoka wakaingia kwenye kinyungu cha Mama, wakamaliza kila kitu. Mama alimfuata matopeni akamgombeza, nawe unaijua sauti yake. Wanawake waliokuwa wanachota maji juu kule walimsikia vizuri. Walisikia pia neno lake la mwisho, "Haya, mvua ikija utalipa." Alichosema Hezekia hawakukisikia, maana alisema polepole, kichwa chini.

Mwishoni mwa Novemba zikanyesha mvua mbili ndogo, ardhi ikalainika, watu wakaanza kutoa majembe. Kisha mchana mmoja wingu jeusi likaja kutoka upande wa milima ya Kipengere, na dhoruba ikawa kama ilivyotangazwa. Mawe yalichana migomba vipande vipande. Hezekia alikuwa njiani na ng'ombe wake, akajibanza chini ya ule mti mkubwa wa mlingoti wa njia panda. Radi ilimwua pale pale, yeye na ng'ombe wote wawili.

Msibani baba yake mdogo alisimama akayarudia yale maneno ya Mama. Hakuongeza neno lolote. Aliyarudia tu, kisha akaketi. Kuanzia hapo hakuna aliyempa Mama mkono, na chai aliyowapikia waombolezaji ilimwagwa nje. Kesho yake mawe yalirushwa kwenye bati la nyumba yake. Mwenyekiti wa kitongoji akanipigia simu, akanishauri nimwondoe kabla hayajatokea makubwa zaidi. Sila akakodi gari, tukamleta hapa.

Nilidhani akifika atatulia. Badala yake akawa hali chakula. Nikamweleza kwamba hata redio ilitabiri, kwamba radi zimepiga Kichiwa na kwingine ambako hakuna mtu anayemjua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Redio ilisema radi itapiga, Tabea. Haikusema itampiga nani. Na mimi nilikuwa bado nimemkasirikia."

Kaka, hilo ndilo lililoniumiza kuliko mawe. Mama yetu alikuwa ameanza kuamini. Nilimshika mkono, naye akauondoa kama mtu asiye na haki ya kushikwa.

Sasa nifikie lililonifanya niandike. Juzi Mama Esnath alikuja hapa, peke yake. Nilipomwona mlangoni niliogopa, nikataka kumzuia asiingie, lakini Mama alikuwa ameshasimama. Mama Esnath hakuketi. Alisema kwamba siku ile Hezekia alifunga nira baada ya kula, akamuaga akisema anakwenda kumlimia Mama Elius shamba la juu, kwa sababu ardhi imelainika na alimwahidi kule matopeni. Alikuwa anakwenda kulipa, kwa hiari yake. Alitoka nyumbani akiimba.

Mama Esnath alilijua hilo tangu siku ya msiba. Alikaa kimya watu walipomgeuka Mama, na sasa akasema mbele yetu, "Nilitaka awepo wa kulaumiwa. Bila hivyo nilikuwa nabaki na mti tu."

Mama akalia kwa mara ya kwanza tangu tumlete. Wakashikana, wakaketi chini sakafuni pale pale, na mimi nikatoka nje kuwapisha.

Wamepatana kwamba Jumamosi Mama atarudi nyumbani. Mama Esnath atampokea stendi, watapita kitongojini pamoja, na Jumapili watakaa benchi moja kanisani, na Mama Esnath atayasema haya mbele ya wote. Sila hapendi, na sikufichi kwamba mimi pia naogopa. Baba mdogo yule hajabadilika. Lakini Mama amekula, na amesema hawezi kuzeeka sebuleni kwangu.

Kwa hiyo usije na polisi wala maneno ya kwenye simu. Mama Esnath hana mtoto tena wala ng'ombe, mvua inaendelea kunyesha, na shamba lake halijaguswa. Sila atatafuta ng'ombe wa kuazima. Shule ikifungwa, njoo ulime.

Mama anakusalimu kwa upendo, watoto wanamsalimu mjomba wao, nasi tunakuombea safari njema. Mama anauliza kama bado unaweza kushika plau. Nimemwambia utajibu mwenyewe.

Mdogo wako,
Tabea