Pilipili Sawa na Yake

Kibokoni, Mombasa

Kaka Ngowa,

Mimi mzima, na maembe yamejaa sokoni Marikiti. Jana Mutunga, yule karani wa bandarini ambaye uliapa kwamba, kwa kuwa ni mtu wa bara, hataoa kwetu, alinipeleka mkahawa mpya wa Kimeksiko. Chapati zao ni za mahindi na maharagwe yao hayajawahi kukutana na nazi, lakini mhudumu alitunawisha mikono bila kuombwa, nikamsamehe mpishi.

Nikaagiza pilipili nyingi. Mutunga akasema, "Yangu iwe sawa na yake." Hajui tulilelewa jiko gani.

Tulipoanza kula akaniuliza kama nitakubali anioe. Kabla sijajibu, machozi yakamtiririka. Mhudumu akaninong'oneza, "Dada, msamehe basi, mwanamume mzima analia."

"Tuache, ndugu yangu," Mutunga akasema, "bado hajanijibu."

Sahani aliimaliza, kaka, nami nikamkubali.

Jumamosi tunakuja wawili kuomba baraka zako. Ukikataa sitamwacha, ila nitalia kuliko alivyolia yeye. Mwambie wifi asipunguze pilipili.

Dada yako asiyebadilika,
Caroline